Tarehe ya Nyumba ya Toyoda

Wapo wasemao kwamba ufundi wa kuzalisha bila upotevu ni mali ya Marekani, kwa kuwa jina lake la Kiingereza lilitolewa huko na John Krafcik mwaka 1988. Kumpa mtoto jina si kumzaa. Asili yake ni Japani, na baba yake ni Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, aliyezaliwa mwaka 1867 kijijini Yamaguchi.

Wazee husimulia kwamba alimwona mama yake akitaabika kufuma, akaingiwa na huruma. Mwaka 1891 akapata hataza ya mtambo wa mbao wa kufumia unaoendeshwa kwa mkono mmoja. Hakutulia. Mwaka 1924 yeye na mwanawe Kiichiro wakakamilisha mtambo wa Aina ya G, na hapa ndipo penye ajabu: uzi mmoja wa mtande ukikatika, mtambo husimama wenyewe! Kabla ya hapo mfumi alikesha akiukodolea macho, la sivyo angekuta dhiraa kadhaa za nguo zimeharibika. Sasa mtu mmoja akaweza kuangalia makumi ya mitambo, maana kosa lilijitangaza. Platt Brothers wa Uingereza, mabingwa wa mitambo hiyo, wakainunua haki yake mwaka 1929.

Sakichi akafariki mwaka 1930. Kiichiro akaanzisha kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937, akataka kila kipuri kifike pale kinapohitajika, si kabla. Mgogoro wa wafanyakazi ukamng'oa kitini mwaka 1950.

Kisha Taiichi Ohno. Wengi humpa sifa zote za ufundi huu, nami sikubali. Huyu alilelewa wapi? Aliingia kampuni ya nguo ya Toyoda mwaka 1932, akahamia kwenye magari mwaka 1943. Alichoongeza ni kadi ya kanban ya kuagizia vipuri, kwa mfano wa maduka makubwa ya Marekani: rafu ikipungua ndipo hujazwa. Kuzalisha kupita mahitaji alikuona upotevu mkuu, kwa kuwa huficha mwingine wote. Wajapani huuita upotevu “muda”; na kungoja kumo katika aina zake saba.



Mwaka 1984, Fremont, California, Toyota na General Motors walifungua kiwanda kilichokuwa kimefungwa miaka miwili. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa zamani, lakini sasa magari yakatoka na kasoro chache. Kando ya njia ya kuungia magari ilitundikwa kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kosa aliivuta, na kazi ikasimama, kama kwa Sakichi uzi ulipokatika.