SAFU YA LUGHA: Inasadikika au inasadikiwa?
Kinapotajwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kuanzia Mdandu hadi Makambako, wasomaji hugawanyika. Wengine husema kitabu hicho cha 1951 kingali na makali. Wengine kwamba kimechakaa, maana nchi yake inayoelea hewani haisadikiki. Hawa wa pili neno wamelipatia, kitabu wamekikosa. Kusadiki, lenye asili ya Kiarabu, ni kuamini; kinachosadikika ni kile kinachoweza kuaminiwa. Basi jina lenyewe ni kejeli tangu jaladani.

Wanaoliharibu neno ni sisi wa magazeti na redio: “Inasadikika wezi walikimbilia msituni.” Ukimaanisha kuna watu wanaoamini hivyo, sema inasadikiwa. Yakiwa maneno ya mitaani, inasemekana. Mtu akishikilia jambo ambalo bado halijathibitishwa, inadaiwa.

Na kitabu je? Nchi yaelea, sawa, lakini mhusika wake Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na wajumbe waliorudi na habari za manufaa wanaishia gerezani. Hilo lasadikika mno. Kisomeni upya kabla ya kukizika.