Mpango Uliokatikia Nzaui



Mwaka 1895 Peter Cameron Scott alishuka Mombasa na wenzake wachache, akapanda mpaka Nzaui, Ukambani, mahali palipokuwa baadaye katika wilaya yetu ya Machakos, na leo ni Makueni. Nia yake ilikuwa kupanga vituo vya Injili toka pwani hadi Ziwa Chad. Lakini Desemba 1896 homa ilimwua, naye ana miaka 29 tu. Wenzake wengine wakafa, wengine wakarudi kwao.

Watu wangesema, kazi imekwisha. Wengine walikuja, na mwaka 1903 makao ya misheni yakawa Kijabe. Kanisa la AIC limetokana na kazi hiyo.

Scott hakuyaona hayo. Alipanda, akaondoka kabla ya mvua.

Ndugu, labda nawe ulipanga ada ya mtoto, au shamba, au kazi, na mambo yamegeuka. Lia, maana inauma. Kisha soma Mithali 16:9, umwachie Bwana hatua ya kesho.