Wachoraji wa Kadi na Mwambao wa Rumonge

Kusini ya Bujumbura, pale Mugere, pana jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi, na hata baadhi ya wanafunzi wetu, hudhani kuwa hapo ndipo watu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji mapema mwezi huo. Mugere walipumzika tu, wakiwa njiani kuutazama mto Rusizi.

Kutoka Ujiji walifuata ufuko wa mashariki, hivyo wakapita mbele ya mwambao ulipo leo mji wa Rumonge. Mtumbwi wao waliazimwa na Sayd bin Majid, Mwarabu wa Ujiji, nao ulichongwa katika mti wa mvule wa Ugoma, ng'ambo ya ziwa. Wapiga makasia walikuwa 16. Walikuwamo pia Selim, kijana Mwarabu wa Yerusalemu aliyekuwa mkalimani, Ferajji mpishi, na Wajiji wawili waliojua njia. Huko kaskazini wakathibitisha kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki, na hoja iliyokuwa imewashughulisha wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi ikapata jawabu.

Wasomaji watauliza, kadi ziko wapi? Tunazifikia. Katika karne ya 19 kampuni ya Liebig, iliyouza dondoo la nyama ya ng'ombe, ilianza kuwapa wateja kadi ndogo za rangi, kwa kawaida sita kwa kila mfululizo, ili wanunue tena na tena mpaka waukamilishe. Mtindo huo uliendelea hadi miaka ya 1970, na safari za wavumbuzi zilikuwa miongoni mwa mada zake. Kazi yenyewe ilidai ustadi. Mchoraji alitengeneza picha, kisha mafundi wa matbaa wakaitenganisha rangi kwa rangi, kila rangi na jiwe lake, na karatasi ikapita juu ya mawe hayo yote bila kupotoka hata unywele. Wachoraji wengi wa kadi hizo hawakutia sahihi. Watoto wa Ulaya walizihifadhi kazi zao katika albamu bila kujua ni nani aliyezichora.

Baadaye mambo yalibadilika kidogo. Huko Ubelgiji, nchi iliyotawala Burundi hadi 1962, Jean-Léon Huens alichora kadi za historia zilizoitwa *Nos Gloires*, zilizotolewa kuanzia 1949 kwa waliokusanya kuponi za bidhaa. Jina lake linajulikana hata leo. Kwa maoni yetu alikuwa fundi hodari wa nyuso na mavazi, ingawa historia aliyopewa kuichora ilikuwa ile ya kuwatukuza Wabelgiji.

Sasa tuitazame picha ambayo vitabu vya Stanley viliieneza kuliko nyingine: wazungu wawili wakivua kofia mbele ya umati wa Ujiji. Umati ule hauna majina. Hata Susi, mtumishi wa Livingstone aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla ya bwana wake, ni vigumu kumtambua. Mtumbwi wa mvule na makasia yake haukupata umaarufu huo. Hivyo aliyechora hakutajwa, na waliopiga kasia nao hawakutajwa, lakini wa kwanza angalau alilipwa kwa picha yake.

Ndiyo maana tunawashauri walimu wenzetu wasiionyeshe picha hiyo darasani kana kwamba ni ushahidi wa shahidi wa macho. Wanafunzi wa Rumonge wanaijua mitumbwi. Jioni huiona ikitoka na taa kwenda kuvua ndagala na mukeke. Wapeni karatasi ndogo, sentimita 11 kwa 7 kama kadi ya Liebig, wauchore mtumbwi wa Sayd bin Majid kama ulivyoonekana kutoka ufukoni. Upande wa nyuma waandike, kwa Kiswahili sanifu, nani alikuwa amekaa wapi, na watie sahihi zao.