Heshima na utu katika historia ya Arusha

Thamani aliyonayo binadamu kwa kuwa tu ni binadamu hutajwa kwa Kiswahili kwa maneno mawili: heshima na utu. Heshima limetoka Kiarabu, ambako lilihusu haya na staha. Utu ni la Kibantu, shina lilelile la mtu na watu. Tofauti kati ya maneno hayo si ndogo. Heshima mtu hupewa na wenzake, nao wanaweza kumvunjia. Utu ni wake mwenyewe; ndiyo maana anayemtesa mwenzake ndiye husemwa hana utu, si aliyeteswa.

Maneno hayo mawili yanasaidia kuisoma historia ya Arusha. Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 huko Engare Nanyuki, katika eneo la Arusha, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Walitengewa eneo la Kingori, wengi wakakataa kwenda. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini Mmeru alikuwa amesimama mbele ya mataifa kudai haki ya watu wake, na hilo lilikuwa jambo kubwa.

Januari 1967 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Arusha na kupitisha Azimio la Arusha. Miongoni mwa imani za chama zilizomo ni kwamba kila mtu anastahili heshima. Nakala ya Kiingereza iliweka maneno mawili mahali hapo. Ya Kiswahili ilitosheka na moja. Utu ulikuja kutajwa waziwazi katika Katiba ya Tanzania, haki za binadamu zilipoingizwa mwaka 1984: Ibara ya 12 inayaunganisha maneno yote mawili, na kuufanya utu kuwa kitu kinachostahili kuheshimiwa. Hata hivyo Ibara ya 13, inapogusa upelelezi wa makosa ya jinai, inarudia heshima peke yake.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua Novemba 2019 kwamba kutekeleza adhabu ya kifo kwa kunyonga kunakiuka utu unaolindwa na Ibara ya 5 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Waliofungua kesi hiyo dhidi ya Tanzania walikuwa wamehukumiwa kwa mauaji, watu ambao jamii ilikwisha kuwanyima heshima; utu wao, kwa Mahakama, ulikuwa palepale.