Kuhemea Elimu: Kongwa na Suala la Wanafunzi wa Msumbiji

Katika Ugogo, njaa ilipoingia, watu hawakukaa kungoja kufa. Wenye nguvu walitumwa nchi ya mbali kuhemea, na waliobaki walijinyima ili wao wapate chakula cha njiani. Mwalimu Nyerere alitumia mfano wa namna hiyo kueleza deni la msomi: kijiji chenye njaa humpa mtu mmoja chakula chote kilichopo ili apate nguvu ya kwenda kuleta kingine, asiporudi, huyo ni msaliti. Katika makala hii tunaupima mfano huo kwa historia ya ndugu zetu wa Msumbiji, ambao mapambano yao yalipita katika uwanda wetu huu wa kati.

Chanzo cha njaa hiyo

Njaa ya elimu katika Msumbiji ilipandwa makusudi na ukoloni wa Kireno. Chuo cha elimu ya juu kilichofunguliwa Lourenço Marques mwaka 1962 kilijaa watoto wa walowezi. Hadi uhuru unapatikana mwaka 1975, watu zaidi ya 9 katika kila 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwafrika aliyetaka chuo kikuu hakuwa na budi kuvuka mipaka. Eduardo Mondlane alifukuzwa Afrika Kusini mwaka 1949, akapitia Lisbon, kisha akasoma Marekani hadi kupata shahada ya udaktari mwaka 1960. Mwaka 1963 aliacha kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse, akaja Dar es Salaam kuongoza FRELIMO, iliyoundwa tarehe 25 Juni 1962.

FRELIMO ilielewa kwamba ukombozi unahitaji kalamu na bunduki. Mwaka 1963 ilianzisha Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam ili kuwaandaa vijana kwa masomo, na wengine walipelekwa ng'ambo, Mashariki na Magharibi. Mwaka 1964 vijana wa rika hilohilo, waliotoka mafunzoni Algeria, walifika Kongwa, mahali palipoachwa na mpango wa karanga wa Waingereza uliovunjika mwaka 1951. Wakiwa na Samora Machel, aliyekuwa muuguzi, walijenga kambi kwa mikono yao. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza.

Mgongano

Hivyo rika moja likagawanyika: hawa darasani, wale msituni. FRELIMO ilipotamka kwamba kila mwanafunzi ana wajibu wa kukatiza masomo pindi mapambano yakimhitaji, baadhi ya waliokuwa Marekani walikataa. Walidai kwamba nchi huru itahitaji wataalamu, na kwamba viongozi wenyewe walikwisha kujipatia shahada. Machi 1968 ghasia zilizuka katika Taasisi, nayo ikafungwa.

Tusiidharau hoja ya wanafunzi hao. Ilikuwa na ukweli ndani yake: Wareno walipofungasha virago mwaka 1975, Msumbiji ilibaki na upungufu mkubwa wa madaktari na mafundi. Kosa lao halikuwa kupenda elimu. Kosa lilikuwa kuuliza nchi itawahitaji lini bila kuuliza ni nani anayewalipia muda wa kungoja. Walioulipia ni wakulima wa Cabo Delgado na Niassa, waliobeba silaha na chakula vichwani. Aliyehemea kwa niaba ya kijiji hana haki ya kujipangia peke yake siku ya kurudi. Mondlane alikuwa na shahada, lakini alirudi mapambanoni, na mapambanoni ndiko alikouawa kwa bomu, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969.

Kioo chetu

Wala tusiwanyooshee kidole wageni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wetu wenyewe waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 walirudishwa makwao. Hao hawakuwa ng'ambo. Hii inathibitisha kwamba umbali kati ya msomi na wananchi haupimwi kwa maili. Tangu mwaka 2007 Dodoma ina Chuo Kikuu chake, na ukumbi wa Chimwaga, ulikofanyika mikutano ya Chama, umekuwa mali ya wanafunzi. Lakini kijana aweza kukaa hapo miaka mitatu bila kufika Kongwa, wala kujua mkulima wa mtama anaishije mwaka wa ukame. Huyo yuko ng'ambo, ingawa hakupanda ndege.

Kazi ya makada, basi, ni mbili. Kwanza, kumfundisha kila mwanafunzi, wa ndani na wa nje, kuhesabu gharama ya elimu yake kwa jasho la waliomtuma. Pili, kuhakikisha kwamba anaporudi anakuta kazi inayomngoja. Maana kijiji kinachomtuma mtu kuhemea kisha hakimwandalii ghala, nacho kina lawama yake.