Wati 250 za daftarini: historia fupi ya kuchungulia transmita

Najua nimepotea hapa kwa wiki kadhaa, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nasaidia kituo kimoja kidogo cha redio ya FM (jina naliweka kapuni) kilichokuwa na tatizo la ajabu: simu za wasikilizaji wa upande wa pili wa kilima zilikuwa zimekauka.

Mjini redio ilisikika safi kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeushuku mtambo. Watu wakalaumiana. Eti kipindi cha jioni kimechakaa, eti mtangazaji wake hapendwi. Dada wa watu alikuwa karibu kuondolewa kazini.

Tulipopanda mlimani na fundi, mita ya transmita ilisoma wati 80. Inatakiwa kutoa wati 250. Nikafungua daftari lililokuwa juu ya meza. Kwa wiki saba mfululizo, kila asubuhi, mwandiko ni ule ule: 250, 250, 250. Aliyeandika ni mlinzi wa mlima. Alipewa kalamu na daftari, lakini hakuna aliyemwonyesha kitufe cha kubonyeza ili mita ionyeshe nguvu. Basi akawa ananakili mstari wa juu.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma historia ya jambo hili. Nikagundua kwamba tatizo letu ni la zamani kama FM yenyewe.

Sifa ya FM ndiyo mtego wake

Mmarekani Edwin Howard Armstrong alipewa hataza zake za FM tarehe 26 Desemba 1933. Ugonjwa aliotaka kuutibu ni kelele. Redio ya AM hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha ukubwa wa wimbi, na radi au mota mbovu nayo huchezea ukubwa huo huo. Ndiyo maana AM hukwaruza mvua ikikaribia. Armstrong akaihamisha sauti kwenye masafa ya wimbi. Halafu ndani ya redio ya msikilizaji akatumia sakiti ya kikomo, ambayo hukata mabadiliko yote ya ukubwa kabla sauti haijatolewa.

Mwezi Novemba 1935 alionyesha kazi hiyo mbele ya wahandisi mjini New York, na walichokisikia ni redio isiyo na makelele.

Lakini hebu fikiria sakiti ile ya kikomo inafanya nini. Wimbi likija kubwa, inalikata. Likija nusu yake, bado inalikata, na sauti inatoka ile ile. Redio ya FM hailalamiki nguvu zikipungua, hadi wimbi lishuke chini ya kiwango fulani, hapo ndipo sauti huharibika ghafla. Tena nguvu huenda kwa mraba wa volteji. Transmita ikishuka kutoka wati 250 hadi 80, yaani 32%, volteji inayofika kwenye antena ya msikilizaji hushuka hadi 57% hivi tu. Aliye karibu hatambui chochote. Aliye mbali, nyuma ya kilima, ndiye anayepotea, na huyo ndiye asiyekuwa na njia rahisi ya kukuambia.

Kwa hiyo sikio halitoshi. Lazima mtu aangalie mita.

Kila nusu saa, kalamu mkononi

Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliundwa mwaka 1934. Kanuni zake za zamani zilitaka fundi mwenye leseni awe kazini kwenye transmita wakati wa matangazo. Kila nusu saa aliandika daftarini volteji na mkondo wa valvu ya mwisho, usomaji wa mita ya kebo inayokwenda kwenye antena, na hali ya masafa.

Nguvu zenyewe zingeweza kupatikana kwa hesabu. Unazidisha volteji kwa mkondo, kisha unazidisha kwa kiwango cha ufanisi kilichotolewa na mtengenezaji. Mfano: volti 2000 mara ampea 0.2 ni wati 400 zinazoingia. Kama ufanisi ni 65%, zinazotoka ni wati 260.

Mnaona tundu lilipo? Valvu ikizeeka, ufanisi hushuka, lakini wewe bado unazidisha kwa 65%. Fundi mwaminifu, mita nzima, hesabu sahihi, na bado daftari linasema uongo. Sisi waandika programu tunalijua jambo hili vizuri: thamani uliyoikokotoa si thamani uliyoipima.

Mshale unaogeuka

Jibu zuri zaidi ni kupima kwenye kebo yenyewe. Chombo maarufu kuliko vyote kwa kazi hii ni mita ya Bird Model 43, kutoka Cleveland, Ohio, ambayo mafundi wameitumia tangu miaka ya 1950. Haihitaji betri wala umeme. Unaiunganisha katikati ya kebo, unachomeka kipande cha mviringo chenye mshale. Ukiuelekeza mshale kwenye antena, unasoma nguvu zinazokwenda. Ukiugeuza uelekee transmita, unasoma nguvu zinazorudi.

Hizo zinazorudi ndizo zenye habari. Antena ikiwa nzima na kebo kavu, karibu kila kitu huenda na hakirudi. Maji yakiingia kwenye kiungio cha kebo, sehemu ya nguvu hugonga na kurudi nyumbani. Ikirudi 4%, uwiano wa mawimbi ni 1.5 kwa 1, na mafundi wengi wataendelea kunywa chai. Ikirudi 11% ni 2 kwa 1, hapo chai inaachwa. Ikirudi 25% ni 3 kwa 1, na hapo una mgonjwa mahututi.

Onyo dogo kwa wenye vituo: usahihi wa mita hii ni 5% ya kipimo kizima cha kipande, si 5% ya usomaji. Ukipima wati 100 kwa kipande cha wati 1000, unaweza kukosea kwa wati 50 juu au chini. Chagua kipande kinachofanana na kazi.

Mtu anaondoka mlimani

Kumweka fundi juu ya mlima saa zote ni ghali. Mwaka 1953 FCC iliruhusu vituo vya FM vya hadi kilowati 10 viendeshwe kutoka mbali kwa waya, mradi fundi aweze kusoma mita na kuzima mtambo akiwa studio. Lakini waliweka sharti ambalo nimelipenda sana: hitilafu yoyote itakayokukatia udhibiti wa transmita lazima iizime transmita yenyewe. Maana yake, usipoweza kuiona, isiendelee kufanya kazi.

Baadaye masharti yakalegezwa. Usomaji wa kila nusu saa ukawa wa kila saa 3, na miaka ya 1980 sharti la daftari hilo likaondolewa. Mwaka 1995 FCC ikaruhusu vituo viendeshwe bila mtu kabisa. Kiwango chenyewe hakikuondoka: kituo cha FM cha huko hutakiwa kukaa kati ya 90% na 105% ya nguvu zilizoidhinishwa. Kwa wati 250, ni kati ya 225 na 262.5.

Wakati huo huo transmita nazo zilibadilika. Valvu ziliwapisha transista, na transista hazivumilii nguvu zinazorudi. Watengenezaji wakaongeza kinga: nguvu zinazorudi zikizidi, transmita hujipunguza yenyewe ili isiungue. Ni wazo zuri, ila limeleta ukimya mpya. Mtambo usiojilinda ungeungua, redio ingekata, na kila mtu angekimbia mlimani siku hiyo hiyo. Unaojilinda hushuka pole pole na kuendelea kucheza muziki.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kati ya zile wati 80, 20 zilikuwa zinarudi. Robo nzima! Fundi alipofungua kiungio cha kebo, maji yakamwagika kiganjani mwake.

Na hapa kwetu

Kenya ilijaribu redio ndogo ya jamii mapema: mwaka 1982 kituo cha Homa Bay kilifunguliwa kwa msaada wa UNESCO, na mwaka 1984 serikali ikakifunga. Vituo binafsi vya FM vilikuja na Capital FM mjini Nairobi mwaka 1996. Mwaka 2006 Koch FM ilianza Korogocho, studio yake ikiwa ndani ya kontena.

Redio ndogo kama hizi hazirithi fundi wa kila nusu saa. Mara nyingi fundi ni wa kuitwa, nauli yake ni ya kuchangiwa, na anayelala na transmita ni mlinzi. Tulichukua mitambo ya enzi ya kuendesha bila mtu, lakini macho ya kuiangalia hayakuja kwenye boksi.

Kosa langu

Basi nikajitolea kuandika skripti. Transmita ina mlango wa data, kwa hiyo kompyuta ndogo huiuliza kila dakika: nguvu zinazokwenda, zinazorudi, joto. Majibu hutumwa studio kupitia modemu ya simu na kuchorwa grafu. Nilijisifu sana.

Wiki ya pili nikaona kitu. Kwa saa 11 grafu ilikuwa mstari ulionyooka kama rula: 250. Mitambo halisi haifanyi hivyo. Husoma 248, 251, 249, hutikisika kidogo. Nikafungua skripti yangu. Waya wa data ulikuwa umechomoka, na mimi, kwa ustaarabu wangu, nilikuwa nimeandika kwamba jibu lisipopatikana, irudishwe thamani ya mwisho.

Jamani. Nilikuwa nimemwandika mlinzi upya, kwa Python.

Sasa skripti ina masharti manne. Usomaji ukikosekana, nafasi hubaki tupu: si sifuri, si thamani ya jana. Dakika 10 za ukimya hupiga kengele sawa na hitilafu. Kengele ya antena huangalia uwiano wa zinazorudi, na huanza kulia zikizidi 4%, kabla transmita haijaanza kujipunguza. Na mara moja kwa mwezi fundi hupanda na mita yake mwenyewe, maana mtambo unaojipima wenyewe hauwezi kuwa shahidi pekee.

Mlinzi naye tulimwonyesha kitufe. Siku hizi huandika usomaji wa asubuhi na jioni, na mara ya kwanza alipoandika 246 nilifurahi kuliko siku niliyohitimu. Mtangazaji wa jioni bado yuko hewani, na simu za nyuma ya kilima zimerudi.

Wewe unayeendesha seva, pampu ya maji au redio: logi yako ikikosa habari, inaandika nini? Nenda kaangalie leo, kisha uje utuambie hapa chini ulichokikuta. Tuonane wiki ijayo.