Nani Aongezaye Kasi? Historia Fupi ya Mapigo ya Kompyuta na Istilahi Zake

Hivi karibuni ililetwa mezani kwetu hati ya zabuni ya kununulia kompyuta za mezani, pamoja na malalamiko ya ofisi iliyozinunua. Katika hati hiyo ya Kiswahili iliandikwa kwamba kila mashine iwe na kasi ya gigahezi 4.4. Mashine zilipofika na kupewa kazi ndefu, zilionekana zikienda kwa kasi ndogo kuliko hiyo, na muuzaji akatuhumiwa udanganyifu. Tulipoitazama hati ya asili tulikuta kasi mbili: gigahezi 2.5, ambayo ni kasi ya msingi, na gigahezi 4.4, ambayo ni kikomo cha kasi ambayo mashine yaweza kuifikia kwa muda, hali ikiruhusu. Mfasiri, kwa kukosa istilahi, alizifanya mbili kuwa moja, akaichukua iliyo kubwa. Ugomvi ule haukutokana na mashine; ulitokana na neno.

Makala haya yana nia ya kueleza jinsi kasi hizi mbili zilivyozaliwa, na kuonyesha kwamba atakaye kuzipa majina hana budi kuuliza kwanza: ni nani aongezaye kasi, na ni nani aipunguzaye?

Mapigo na joto

Kichakataji, yaani kile kipande kifanyacho hesabu zote ndani ya kompyuta, hufuata mapigo kama wacheza ngoma. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Mapigo yakiongezwa, kazi hufanyika upesi zaidi, lakini umeme mwingi zaidi hutumika na joto hupanda. Mara nyingi kasi kubwa hudai volteji kubwa pia, na hapo ndipo penye gharama, kwa kuwa joto hukua kwa kipeo cha pili cha volteji. Volteji ikipandishwa kwa asilimia 10, joto litokanalo na mapigo yale yale huongezeka kwa asilimia 21. Historia yote inayofuata ni historia ya mapatano kati ya kasi na joto.

Kitufe kilichosema kinyume

Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na kichakataji cha Intel 8088 chenye mapigo ya megahezi 4.77. Baadhi ya watunga programu, hasa za michezo, waliyatumia mapigo hayo kama kipimo cha wakati. Kampuni nyingine zilipotoa mashine za megahezi 8 au 10, michezo ile ilikwenda mbio kiasi cha kutochezeka. Dawa iliyopatikana ni kitufe kilichowekwa usoni pa mashine, kikaitwa kwa jina la turbo, ambalo kwa wajuao magari ni jina la nguvu ya ziada. Kumbe hakikuongeza lolote. Kikiwa kimewashwa, kwa kawaida, mashine ilikwenda kwa kasi yake halisi, kikizimwa, ilipunguzwa. Kazi ya kitufe ilikuwa kupunguza, jina lake likatangaza kuongeza. Mfasiri ajifunze hapa kwamba jina la kigeni ni ushahidi wa mapenzi ya muuzaji, wala si maelezo ya kazi ya kitu.

Wenye mashine wazidisha kasi

Kuzidisha kasi kwenyewe kulianza mikononi mwa wanunuzi. IBM ilipotoa mashine ya AT mwaka 1984, yenye megahezi 6, baadhi ya wenyewe waling'oa kipande cha fuwele kitoacho mapigo, wakatia kingine chenye mapigo mengi zaidi. IBM nayo ikaingiza kipimo katika programu ya kuanzishia mashine, ili iliyozidishiwa kasi ikatae kuwaka.

Mfano ulio mashuhuri ni wa mwaka 1998. Intel iliuza kichakataji cha bei nafuu, Celeron 300A, cha megahezi 300. Kasi hiyo ilipatikana kwa kuzidisha mapigo 66 ya njia ya ubao mkuu kwa 4.5. Namba ya kuzidishia ilikuwa imefungwa, lakini mapigo ya ubao hayakufungwa. Aliyeyapandisha hadi 100 alipata megahezi 450, kasi ya kichakataji cha Pentium II kilichouzwa kwa bei ya juu zaidi kwa mbali.

Mlango huo haukupitwa na wapenzi wa mashine peke yao. Katika miaka ya 1990 walikuwapo wafanyabiashara waliofuta alama za vichakataji, wakaandika kasi kubwa na kuviuza kwa bei ya kasi hiyo. Kwa hiyo kufungwa kwa namba ya kuzidishia kulimkinga mnunuzi, na wakati huo huo kulilinda bei za mwenye kiwanda. Tangu mwaka 2010 Intel imeuza vichakataji vyenye namba iliyofunguliwa, vikitambulishwa kwa herufi K.

Hata mwenye kiwanda aliwahi kuvuka mipaka yake. Mnamo Julai 2000 Intel ilitoa Pentium III ya gigahezi 1.13; mwezi uliofuata ikalazimika kuirudisha, kwa kuwa ilishindwa kumaliza baadhi ya kazi bila makosa.

Mashine yajitawala

Pentium 4, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2000, ilikuja na jambo jipya. Joto likifika kikomo, kichakataji chenyewe husimamisha mapigo na kuyarudisha kwa vipindi vifupi mno, mpaka kipoe. Neno la Kiingereza litumikalo kwa kitendo hiki lina asili ya koo, na mfasiri aweza kuvutwa kuandika "kukaba". Tahadhari yafaa: akabwaye hukabwa na mwingine, na kwa kudhuriwa. Hapa mashine hujizuia yenyewe ili isiungue.

Mwaka 2004 mbio za kasi zilikwama. Kanuni aliyoieleza Robert Dennard na wenzake mwaka 1974, kwamba transista zikipunguzwa ukubwa joto la kila eneo halipandi, ilikuwa ikifikia ukomo wake. Intel ikaacha mpango wake wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na viwanda vikageukia vichakataji vyenye viini vingi.

Hapo likazuka swali: viini vingine vikiwa vimelala, kwa nini kimoja kisitumie nafasi ya joto iliyobaki? Mwishoni mwa mwaka 2008 Intel ilitoa jibu. Core i7-920, yenye kasi ya msingi ya gigahezi 2.66, iliweza kufika 2.93 yenyewe, kisha ikarudi chini. AMD ilifuata mwaka 2010. Tangu hapo kasi imekuwa ahadi yenye masharti, na tarakimu mbili zikaanza kuandikwa katika hati za mauzo.

Wala masharti hayo si madogo. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya vichakataji vyake vya kizazi cha 13 na cha 14 viliharibika kwa kuwa vilidai volteji iliyozidi, ikaongeza dhamana yake kwa miaka miwili.

Mapendekezo

Kiswahili kina chombo ambacho lugha nyingine hukikosa. Kitenzi chetu hubeba ndani yake mtenda na mtendwa, na kiambishi -ji- hutuambia kwamba hao wawili ni mmoja. Tunapendekeza basi: kompyuta imezidishiwa kasi, pale mwenyewe alipoivusha kikomo cha kiwanda, imejiongezea kasi, pale ilipopanda yenyewe ndani ya kikomo hicho, na imejipunguzia kasi, pale iliposhuka ili kujiokoa na joto. Nomino zake ziwe kuzidisha kasi, kujiongezea kasi na kujipunguzia kasi. Kwamba kuzidisha ni neno la hesabu na pia la kupita kiasi si kasoro. Hapa maana zote mbili ni za kweli.

Tofauti hii si ya darasani tu. Dhamana nyingi hukoma pale mashine inapozidishiwa kasi, lakini hazikomi kwa sababu imejiongezea. Atakayesoma dhamana iliyofasiriwa kwa neno moja hatajua haki yake ilipoishia.

Na ile hati ya zabuni ingaliandikwa hivi: "Kasi ya msingi isipungue gigahezi 2.5, kikomo cha kujiongezea kasi kisipungue gigahezi 4.4, na katika kazi ya saa nzima mashine isijipunguzie kasi chini ya kasi ya msingi." Ni maneno machache yaliyozidi, lakini yangaliepusha ugomvi wote ule.